Ngamia Kwenye Bati la Mafuta

Saa nane za mchana Kakuma hulala macho wazi. Wateja wa maharagwe na chapati wameshakula na kwenda zao, mbwa amejilaza chini ya benchi, na vumbi linaingia polepole mpaka ndani ya vikombe nilivyovifunika. Huo ndio wakati wangu wa kuchora. Nakaa mlangoni mwa hoteli yangu, bati dogo pajani, msumari mkononi, na kabla sijakwaruza hata mstari mmoja huwa nimeshaondoka. Mwili uko Kakuma. Mimi niko Nakalale, utotoni mwangu, meno ya mbele yameng'oka, nimeshika kamba ya ndama wa ngamia, na mama anakamua.

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu ya kwanza duniani. Ngamia hatoi maziwa kama hamwoni mtoto wake karibu, kwa hiyo ndama huletwa, anyonye kidogo, mama yake alegee, kisha avutwe pembeni na ashikwe pale pale mahali anapoweza kuonekana. Mimi ndiye niliyemshika. Mama alisimama kwa mguu mmoja, wa kushoto, unyayo wa kulia ameuegemeza kwenye goti, na chombo cha mbao kimekaa juu ya paja. Sijui alipataje kutulia namna ile. Ndama alinikokota mchangani huku na huku, na mama, bila kugeuka, aliniambia neno lile lile kila asubuhi: nimshike vizuri asije akanyonya yote.

Watu huniuliza nilisomea wapi kuchora. Sikusomea popote. Nilikuwa nanunua mafuta ya kupikia kwenye makopo makubwa, na makopo matupu nikimpa jirani yangu, fundi wa bati aliyetoka Sudan Kusini. Yeye huyapasua, huyanyoosha kwa nyundo, na kuyaunga hadi yawe masanduku na milango. Nusu ya milango ya Kakuma ilikuwa mafuta ya kula kabla ya kuwa milango. Fundi huyu alikuwa amefundishwa zamani, katika darasa fulani la kambini, namna ya kuchapa picha kutoka kwenye bati. Unakwaruza mchoro kwa ncha kali, unapaka wino mzito, kisha unaufuta hadi bati ling'ae tena. Wino unaobaki ni ule tu uliojificha ndani ya mikwaruzo. Unalaza juu yake karatasi yenye unyevu, unaipitisha katikati ya mabomba mawili yanayobana, unazungusha mpini kama kanyagio la baiskeli, na ukiinua karatasi, picha imehamia.

Nilipoiona karatasi ile ikiinuliwa mara ya kwanza, nilisahau kwamba nilikuwa nimeacha chapati motoni. Nikamwomba msumari. Fundi akanitazama kwa huruma.

"Wewe mama ya hoteli, hii kazi inataka mkono pole," akaniambia. "Mkono yako iko na hasira."

Alisema kweli, na kweli hiyo iliniudhi, kwa hiyo nikajifunza.

Bati langu ni la ukubwa wa kiganja, kwa sababu kopo likishatoa mlango, vipande vinavyobaki ni vya kiganja. Nilianza na yale niliyoyajua. Nilichora kisima cha mchangani kwenye laga, mto wa msimu, iliyokauka, wanawake wamepangana ndani ya shimo mmoja juu ya mwingine, chombo cha maji kikipanda kutoka mkono hadi mkono. Aliye chini kabisa haonekani ila vidole vyake. Nilichora mwanamke aliyekaa juu ya kibanda anachokijenga, amezungukwa na majani ya mkoma kama kuku aliyeatamia. Nilichora tanuri la makaa linavyotoa moshi likiwa limefukiwa, na mwenyewe amekaa mbali kidogo, hafanyi lolote, maana kazi ya makaa sehemu kubwa ni kungoja. Mara moja nilikwenda Katilu kununua mahindi, nikarudi na wanaume wawili kichwani mwangu, wamesimama ndani ya mfereji, maji yamewafika nusu ya miguu, wanafungua tope kwa jembe ili mto Turkwel uingie shambani. Kwa mtu aliyekulia Nakalale, maji yanayokwenda mahali yalikoelekezwa ni kitu cha ndotoni. Niliwachora nikiwa bado siamini.

Fundi alinionya mapema kwamba picha hutoka kinyume. Kilicho kulia kwenye bati kitakuwa kushoto kwenye karatasi. Niliona ni jambo dogo. Mkoma ukiutazama huku au kule ni mkoma tu, na moshi hauna mkono wa kulia.

Basi nikamchora ngamia wa mama.

Ngamia yule alikuwa wake hasa, alipewa alipoolewa. Alikuwa na rangi ya majivu, mdomo wa chini umelegea, na tabia ya kumtemea mate baba yangu peke yake. Alikufa katika ukame ule uliotung'oa Nakalale na kutuleta Lodwar kwa miguu. Mama hakulia wakati ule. Alikaa naye hadi mwisho, akamfukuzia nzi, kisha akasimama na kujitwika vyombo. Tulipofika Lodwar aliacha kumtaja, kama watu wanavyoacha kumtaja marehemu ambaye jina lake bado lina moto.

Nilimkwaruza kama nilivyomkumbuka: ubavu wa kushoto umetugeukia, chapa ya ukoo wetu imechomwa kwenye paja, mama amesimama kwa mguu wake mmoja na chombo chake. Bati lilinijaa haraka. Ndama na kamba yake nikaviacha nje, pamoja na mshikaji. Nikachapa, nikaikausha karatasi juu ya gunia la unga, nikaifunga pamoja na bati lenyewe ili mama aone jinsi inavyofanywa, nikaenda Lodwar. Sikusahau sukari na majani ya chai, maana mkono mtupu haulambwi.

Mama anaishi nje kidogo ya mji, kwenye boma la dada yangu, upande wa mto Kawalase. Ana chumba chake cha mabati na mlango uliotoka Kakuma, kazi ya yule yule fundi. Wakati huo macho yake yalikuwa yameanza kumwacha. Ni ugonjwa wa kope, ule wa kwetu unaojulikana: kope zinageukia ndani na kulikwaruza jicho kila mtu anapopepesa. Alishapasuliwa kope hospitalini na maumivu yakapungua, lakini nuru iliyokwisha kuondoka haikurudi, na iliyobaki iliendelea kupungua kidogo kidogo. Bado aliweza kuona kitu akikisogeza karibu na pua, juani, asubuhi.

Akatoka juani. Akaisogeza karatasi puani. Nilisimama nyuma yake nikijisikia mtu mkubwa sana. Alitazama hadi nikachoka kusimama, kisha mabega yake yakaanza kutikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka.

Mama haongei Kiswahili, kwa hiyo maneno yake nayaleta kutoka Kiturkana kadiri ninavyoweza.

"Umempa mtu ngamia wangu," alisema.

Sikuelewa. Akaniwekea kidole kwenye paja la mnyama. Chapa ilikuwa upande wa kulia. Sisi huchoma kushoto. Alama ile ile ikichomwa kulia ni ya watu wengine kabisa, familia ambayo mama ana neno nayo tangu kabla sijazaliwa, neno linalohusu kisima na ambalo hakuna aliye hai anayeweza kulieleza vizuri.

"Na mimi umeniajiri kwao," akaendelea. "Nakamua nikisimamia mguu wa watu."

Dada yangu alicheka hadi akakaa chini. Wajukuu wakaitwa waje wamwone bibi yao aliyeajiriwa. Mimi sikucheka. Nilimweleza mama habari za bati na karatasi, kwamba kila kitu hugeuka, kwamba si kosa langu ni kosa la mashine, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kuonekana mjinga. Mwishowe nikalichukua lile bati na kulitupa kwenye kona ya vyombo vibovu. Fundi hakukosea kuhusu mkono wangu.

Jioni, tulipobaki wawili, mama alikuwa ameacha kucheka. Aliniuliza kama ninaweza kumchora tena, upande wake. Nikamwambia ninaweza. Akausikiliza upepo kwenye mikoma ya mtoni.

"Basi nirudishie kabla macho hayajafumba," alisema. "Huyo ndiye ninayetaka awe wa mwisho kuonekana."

Nilirudi Kakuma nikiwa na maneno hayo kifuani kama mtu aliyemeza punje ya moto.

Kuchora kinyume ni kazi ya wazimu. Mkono unajua kushoto ni kushoto, unakataa kudanganywa. Niliazima kioo cha saluni, nikachora huku nikitazama kiooni, na ngamia akatoka na shingo ya bata. Bati la pili, mama alikuwa na miguu yote miwili chini, kama mtu anayengoja gari. La tatu liliharibika kwa sababu mteja aliniitisha chai, nikageuka, msumari ukateleza na kumkata ngamia koo. Fundi alinitazama akiwa kwenye milango yake, akawa ananiachia vipande vya bati mlangoni kila asubuhi, vimesuguliwa msasa tayari.

Lakini sitasema uongo kwamba ilikuwa taabu tupu. Kulikuwa na utamu ndani yake. Kila mchana nilirudi Nakalale kupitia nyuma ya kioo, na Nakalale ya nyuma ya kioo ilikuwa kimya, haina ukame, jua lake linachomoza upande usio wake. Nilimzunguka ngamia yule kama nilivyokuwa nikimzunguka nikiwa mdogo, kwa uangalifu, mbali na mguu wa nyuma. Nilisikia maziwa yakigonga mbao, kwanza kwa sauti kavu, kisha kwa sauti nzito kadiri chombo kilivyojaa. Wateja waliniita mara mbili na tatu. Mwanamke mmoja wa Kisudani alimwambia mwenzake kwa Kiarabu cha Juba kwamba mama wa hoteli anaugua jua, na mimi nikaielewa hiyo, nikampimia maharagwe kidogo.

Nilipopata bati lililokubali, mvua zilikuwa zimeanza huko milimani. Kwetu mvua hainyeshi, inakuja kwa miguu. Unaamka anga ni safi, na laga iliyokuwa barabara ya mbuzi jana imejaa maji mekundu yanayobeba miti. Nilifunga safari mara ya kwanza, gari likageuzia njiani. Nilifunga mara ya pili, tukakaa ukingoni na malori ya kutoka Nadapal, mpakani, tukiyatazama maji kutwa nzima, picha yangu nimeifunga kwa nailoni kifuani. Maji hayo yalikuwa ya kahawia, yalikuwa mazuri, na niliyachukia. Tukarudi Kakuma.

Dada alinipigia simu siku chache baadaye. Alizunguka kwanza na habari za mbuzi na ada za watoto, nikajua. Kisha akasema mama ameacha kutoka juani asubuhi. Amesema jua halina kazi kwake tena.

Laga ilipopungua nilivuka nayo ikiwa bado inanifika magotini, viatu mkononi, na upande wa pili nikapata gari.

Nilimkuta mama amekaa kwenye kivuli cha chumba chake, ameelekeza uso mahali upepo unapotoka. Nilimsalimia kwa ejok, naye kabla ya kujibu akavuta pumzi puani na kusema nimekuja na harufu ya chapati. Nikaketi karibu yake. Nikafungua nailoni, nikampa picha.

Aliishika kichwa chini miguu juu. Akaisogeza puani kama zamani, kwa mazoea tu, kisha akaishusha na kuiweka mapajani na kuilaza vizuri kwa viganja. Karatasi ni laini. Hata mikwaruzo yenyewe haipo juu yake, uko wino tu. Vidole vyake vilipita juu ya ngamia bila kujikwaa popote.

Nililia. Nililia kwa sauti, mtu mzima mwenye hoteli, mbele ya kuku na wajukuu. Dada yangu, mtu wa kanisa na mtu wa methali, akanishika bega na kuniambia heri kufa macho kuliko kufa moyo. Nilitamani kumrushia kikombe.

"Chapa iko upande gani?" mama aliniuliza.

Nikamwambia kushoto.

"Na mguu?"

Nikamwambia wa kushoto, kama wake. Akasema vizuri sana, akampa dada picha akaitundike ukutani, wageni waione. Halafu akanyoosha mkono nimwinue. Nikamwinua. Nilifikiri anataka kwenda kulala, asinisikilize nikilia. Tukafika mlangoni mwake, na hapo akasimama, akaupapasa mlango mpaka penye komeo, akaushika mkono wangu na kuuweka hapo.

Palikuwa na kiraka. Mlango ule ulikuwa umetoboka kwa kutu karibu na komeo, nami nakumbuka dada alivyolalamika kwamba panya wanapita. Dada yangu hatupi kitu. Alikuwa ameokota bati langu kwenye kona ya vyombo vibovu na kulipigilia misumari minne juu ya tundu, upande wa mchoro ukiwa nje. Bati lile lilikuwa linang'aa kuliko mlango mzima. Lilikuwa limesuguliwa na vidole.

"Huyu hapa," mama alisema.

Akakiongoza kidole changu. Mgongo, nundu, shingo iliyoshuka, mdomo uliolegea. Kwenye bati hakuna kilichogeuka. Mkono wangu wenye hasira ulikuwa umekwaruza kwa nguvu, kwa kina, na kila mstari ulikuwa mahali pake: chapa kushoto, mama kwenye mguu wa kushoto, kama ilivyokuwa. Kosa langu lilikuwa kosa la karatasi tu. Kumbe muda wote niliokuwa nikihangaika na kioo cha saluni, mama alikuwa anafungua mlango asubuhi na kumpitia ngamia wake, na kufunga jioni na kumpitia tena.

Nilimuuliza kwa nini hakumwambia dada anipigie simu, nisijisumbue. Akasema alitaka nije.

Hilo liliniingia mahali ambapo methali za dada hazijawahi kufika.

"Lakini hatoi maziwa," mama akasema.

Nilidhani sikusikia vizuri. Akasema tena, kwa sauti ya mtu anayeeleza mambo ya mifugo, bila huzuni. Ngamia hatoi maziwa bila ndama, na ndama hayupo. Alimtafuta kila siku. Anapapasa kutoka kwenye kiwele, anashuka kwenye miguu ya mbele, anakwenda mahali ndama anapopaswa kuwa, na anakutana na ukingo wa bati na kichwa cha msumari.

"Na aliyemshika pia hayupo," akasema. "Nimekamua peke yangu humu siku zote hizi."

Nikamwambia bati lilikuwa dogo. Nikasikia jinsi jibu hilo lilivyo dogo lenyewe. Nimechora wanawake wa kisimani, watu wa Katilu, wachoma makaa, watu nisiowajua majina, na sikuwahi kumweka mtoto yule mwenye kamba popote. Nilitazama tu kwa macho yake.

Dada akaniletea msumari kutoka kwenye kopo lake la misumari iliyonyooshwa. Nikapiga magoti mbele ya mlango. Chini ya shingo ya ngamia palikuwa na nafasi kidogo ambayo sikuwa nimeiona, mahali nilipoacha mchanga mtupu. Nikachora ndama hapo, miguu mirefu imetanuka, na nyuma yake kamba, na mwisho wa kamba mtoto amekaza visigino mchangani. Sikuhitaji kioo. Mkono ulikwenda pole, kwa mara ya kwanza nadhani, na mama alisimama juu yangu akiwa ameegemea mwimo wa mlango, akisikiliza msumari.

Nilipomaliza nilipuliza vumbi la bati na kumpisha. Kidole chake kilianza mbali, mgongoni, kikapita njia yake ya kila siku bila haraka. Kilishuka shingoni. Kilimkuta ndama, kikamzunguka, kikampata masikio. Kikaifuata kamba. Kilipofika mwisho wa kamba kilisimama hapo muda mrefu, kikizunguka juu ya kichwa kidogo kisichozidi punje ya mtama.

"Mshike vizuri," mama alisema, "asije akanyonya yote."

Nikamjibu kwamba nimemshika.